Aina ya Kumi na Nne

Kila asubuhi mama mkubwa alikuwa akisema. Alisema akikanda unga, alisema akipuliza mkaa, alisema hata akiwa amebana kibiriti midomoni. Stumai aliamka na sauti hiyo na kunywa chai ndani yake: nani kahama bila kuaga, nani kaacha mfuniko wa pipa la maharage wazi, kwa nini wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanakula kama wanaoshindana na sahani. Yeye mwenyewe hakuwa msemaji. Aliitikia "mm" na "kweli" mahali panapostahili, akachukua mkoba, akaenda kazini. Mambo yalikwenda hivyo tangu akiwa na miaka sita, mama yake mzazi alipofariki na dada mtu akamchukua.

Jumanne moja mama mkubwa aliweka kikombe mezani, akaweka maandazi mawili kwenye kisahani, akaligeukia jiko lake, asiseme neno.

Stumai alisubiri. Alidhani labda anatafuna kitu. Akasema shikamoo, na mama mkubwa akaitikia kwa kichwa tu, bila kugeuka.

Mtu wa kawaida angeuliza kulikoni. Lakini Stumai hakuwa mtu wa kawaida. Alikuwa Mfasiri wa Ukimya Daraja la Pili, mwajiriwa wa serikali, mwenye kitambulisho cha kuning'iniza shingoni chenye picha aliyopigwa akiwa amefumba macho. Kazi yake ilikuwa kutazama watu walionyamaza na kuiambia serikali wanasema nini. Aliutazama mgongo ule wa mama mkubwa muda wote wa kunywa chai, akajua barabara unasema nini, akasikia uso wake unawaka, akatoka bila kumaliza andazi la pili.

*

Inafaa kueleza kazi hiyo ilikotoka, maana si kila nchi imebahatika kuwa nayo.

Nchi ya akina Stumai ilikuwa na mikutano mingi ya hadhara, na zamani wananchi wake walikuwa na tabia ya kuuliza maswali. Kisima kikizinduliwa, waliuliza kama kina maji. Daraja likizinduliwa, waliuliza liko wapi. Serikali, kwa kuwajali, iliona kwamba maswali ya papo kwa papo yanawachosha wananchi wenyewe. Ikatunga utaratibu: mwenye swali alijaze kwenye fomu siku ishirini na moja kabla ya mkutano, aambatanishe jibu analolipendekeza, pamoja na barua za mashahidi wawili wanaothibitisha kwamba kweli hajui.

Mikutano ikatulia. Ikatulia mno, hata Waziri wa Maelewano akaanza kuingiwa na wasiwasi. Siku moja alimaliza kuhutubia watu elfu tatu, na sauti pekee aliyoisikia ilikuwa ya mbuzi akitafuna karatasi upande wa pili wa uwanja. Alirudi makao makuu akitaka kujua watu wale walikuwa wanafikiri nini. Kuwauliza hakukuwezekana, kwa kuwa waziri naye angetakiwa kujaza fomu. Ndipo ikaanzishwa Idara ya Tafsiri ya Ukimya.

Wataalamu wa Idara walikaa hotelini miezi minne wakatoka na orodha ya aina kumi na nne. Ya kwanza ni Ukimya wa Kuridhika. Ya pili ni Ukimya wa Kuridhika Sana. Ya sita, iliyopendwa kuliko zote, ni Ukimya wa Shukrani Iliyozidi Maneno. Ya nane ni Ukimya wa Uchovu wa Furaha, na ya kumi na moja, mahususi kwa mikutano ya baada ya chakula, ni Ukimya wa Shibe. Ya kumi na nne iliitwa Ukimya Mwingine. Kisanduku chake kilitoka kwa mpiga chapa kikiwa kimekwisha kuzibwa kwa wino mweusi tii, ili mfasiri asisumbuke kuamua kama atie alama au asitie.

Hata hivyo nyuma ya fomu, kwa maandishi ya ukubwa wa mayai ya chawa, palikuwa na kifungu kimoja. Kilisema kwamba aina ya kumi na nne yaweza kutangazwa kwa mdomo mbele ya hadhara, na ikitangazwa, jambo lililoletwa mkutanoni litasimama mpaka wananchi waulizwe mmoja mmoja. Aliyekiandika alikuwa amestaafu mapema, kwa sababu za kiafya ambazo yeye mwenyewe hakuwa amezigundua. Hakuna aliyekisoma baada yake, kwa kuwa katika nchi ile hakuna aliyesoma nyuma ya fomu.

Stumai alikisoma. Alifundishwa kusoma nyuma ya fomu, na aliyemfundisha ni Mwalimu Mbwilo.

*

Chuo cha Jamii cha Kwamsimbo kilikuwa na madarasa matano, kantini moja na kozi tatu: ushonaji, ufugaji wa kuku na sayansi za jamii. Aliyesoma ushonaji alionekana ameshika nguo, na aliyesoma ufugaji alionekana amebeba kuku. Aliyesoma sayansi za jamii alionekana ameketi na watu, jambo ambalo mtaani kila mtu alikuwa akilifanya bila kwenda chuo. Jirani mmoja alimuuliza Stumai anasoma nini. Alipojibiwa kwamba ni namna watu wanavyoishi pamoja, jirani alifikiri kidogo, kisha akauliza, kwa huruma kabisa, kwani nyumbani kwao hawaishi pamoja? Mwingine alitaka kujua sosholojia inatibu nini.

Mwalimu Mbwilo, aliyetembea na kipande cha chaki katika mfuko wa shati hata Jumapili, alifundisha mbinu za utafiti kwa zoezi moja alilolitumia miaka kumi na tisa. Alimtuma kila mwanafunzi jikoni, kwenye kantini, akamuulize mpishi maisha yanaendaje. Mpishi angejibu, "Tunamshukuru Mungu." Mwanafunzi angelibeba jibu hilo mbio mbio, na mwalimu angemrudisha nalo. Jibu la kwanza, alisema, ni la kuwapa wageni. Uliza tena, kisha nyamaza. Hesabu moyoni mpaka sitini. Usitazame saa, usimsaidie neno. Mtu akinyamaza, jua kwamba wewe bado hujamaliza kumuuliza.

Na kweli, huko kwenye hamsini hivi, mpishi angeweka upawa chini na kusema. Angeeleza mgongo unavyomuuma akiinua sufuria la ugali, na mume aliyetoka kwenda kununua betri za redio akaonekana jimbo jingine akiwa na watoto wawili. Madarasa kumi na tisa yalimhoji. Mwisho aliijua mbinu kuliko mwalimu mwenyewe. Akimwona mwanafunzi amefungua kinywa kwenye thelathini, alimwambia arudi mlangoni aanze kuhesabu upya, na wanafunzi walimwita Mhadhiri wa Jikoni. Mpishi huyo alikuwa mama mkubwa.

Mwaka wa mwisho alikuja Afisa Mwelekezi wa Ajira, akatundika bango ubaoni, akasema taifa lina njaa ya wanasayansi wa jamii kuliko inavyodhaniwa. Lukelo, aliyekuwa ameandika kazi nzuri juu ya wakulima wanavyogawana mfereji, aliajiriwa kuwa Mpimaji wa Makofi, akapewa kifaa cha kuvaa kifuani. Msichana aliyeongoza darasa alifanywa Afisa wa Mstari wa Mbele, wa kuchagua wenye mashavu ya kutosha wasimame karibu na kamera. Stumai, alipoulizwa ana kipaji gani, alitazama viatu vyake kwa muda mrefu mpaka afisa akaanza kujikuna shingo. Kisha afisa akaandika: ana kipaji cha ukimya.

Mama mkubwa alichinja kuku. Alipita nyumba kwa nyumba akiwaambia watu kwamba mtoto ameajiriwa na serikali kazi ya kusikiliza watu.

*

Basi siku moja kabla ya asubuhi ile isiyo na maneno, Naibu Waziri wa Maelewano alifika Kwamsimbo kutangaza kwamba chuo kitageuzwa kuwa Ukumbi wa Mapokezi ya Wageni wa Kitaifa.

"Ndugu wananchi," alisema, "nchi isiyo na mahali pa kupokea wageni haiwezi kupata wageni. Na tusipopata wageni, haya maendeleo tutamwonyesha nani?"

Alisema hivyo kwa saa mbili na robo. Darasa la ushonaji lingekuwa chumba cha kusubiria, na banda la kuku lingekuwa chumba cha kusubiria cha wasaidizi. Kantini ingekuwa mahali pa kutundika makoti, ingawa katika mkoa ule hakuna mtu aliyewahi kuona koti isipokuwa la mvua. Wanafunzi wangeendelea na masomo popote walipo. Mwalimu Mbwilo angepewa barua ya shukrani yenye fremu. Mpishi hakutajwa.

Ikafika nafasi ya maswali. Tangazo la mkutano lilikuwa limebandikwa asubuhi hiyo hiyo, kwa hiyo hakuna aliyekuwa amejaza fomu siku ishirini na moja kabla. Watu wakanyamaza.

Stumai aliketi kwenye meza ndogo pembeni, fomu mbele yake, na nyuma yake amesimama mkurugenzi wa Idara, Bwana Kalokola, akipumulia puani. Zilibaki siku tatu Stumai athibitishwe kazini. Aliinua macho. Aliiona chaki ikivunjika mkononi mwa Mwalimu Mbwilo. Aliwaona wasichana wa ushonaji wamejizungushia futi kamba viganjani mpaka damu imekimbia vidole. Halafu akamwona mama mkubwa kwenye mlango wa jikoni, upawa mkononi, akimtazama yeye peke yake.

Kilichomchoma zaidi, kila alipokumbuka baadaye, ni kwamba mama mkubwa hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alikuwa na uso ule ule wa siku zote, uso wa mtu anayemsubiri mwanafunzi afike sitini.

"Mfasiri," akaita Naibu Waziri. "Wanasemaje?"

Stumai alianza kuhesabu. Moja, mbili. Bwana Kalokola akakohoa. Tatu. Nne.

"Wanashukuru, mheshimiwa," akasema. "Shukrani imezidi maneno."

Naibu Waziri akafuta jicho. Msafara wake ukapiga makofi, na Lukelo akainamia kifaa chake kifuani, akaandika namba bila kuinua kichwa.

*

Idara ilifurahi. Stumai alithibitishwa kazini na kutangazwa Mfasiri Bora wa Robo Mwaka, akazawadiwa saa ya ukutani iliyotolewa sauti kwa heshima ya kazi yake. Bwana Kalokola alimsifu mbele ya wenzake, akasema wengine hutafsiri kwa macho lakini binti huyu hutafsiri kwa moyo. Stumai alitazama viatu vyake. Wenzake wakaandika kwamba huo ni Ukimya wa Unyenyekevu, aina ya tisa.

Nyumbani mambo yalikuwa vilevile. Kikombe kilikuwapo kila asubuhi, maandazi mawili yalikuwapo, yana hiliki kama kawaida. Kama mama mkubwa angemnyima chai, Stumai angepata la kulalamikia. Lakini hakunyimwa kitu, isipokuwa lile alilozoea kulipata bure. Dukani nako mazungumzo yalikatika alipoingia. Muuza duka alimwuzia sabuni kwa kuonyesha kidole na kurudisha chenji kwa kuisukuma mezani. Mtaa mzima ulikuwa umeamua kumwongezea kazi.

Siku ya tisa alileta fomu nyumbani. Aliketi kitandani akaandika juu yake: *Mahali pa mkutano: nyumbani. Waliohudhuria: wawili.* Akazipitia aina zote kwa uaminifu, maana bado alitumaini kwamba sayansi itamwonea huruma. Haukuwa Ukimya wa Shibe, kwa kuwa mama mkubwa siku hizo hakuwa akila vizuri. Haukuwa wa Kutafakari Mafanikio. Alifika ya kumi na nne, akakuta kisanduku kimezibwa. Akaanza kuukwangua wino kwa ukucha, akakwangua mpaka karatasi ikatoboka.

Asubuhi akaikuta fomu hiyo mezani chini ya kikombe, imenyooshwa vizuri, tundu lake likiwa wazi katikati. Mahali palipoandikwa *maoni ya mhusika* palikuwa na alama ya kidole gumba chenye unga. Mama mkubwa alikuwa amekwisha kuondoka.

Jioni hiyo alikutana na Mwalimu Mbwilo barabarani. Alitaka kujificha nyuma ya toroli la muuza miwa, lakini mwalimu alikuwa amekwisha kumwona. Stumai akamwamkia. Alisubiri kukaripiwa, na moyoni alikuwa akikuhitaji kukaripiwa huko kama mgonjwa anavyohitaji sindano. Mwalimu hakukaripia. Aliuliza tu, kama anayeuliza habari za njiani, siku ile alihesabu mpaka ngapi.

"Nne," Stumai akasema.

Mwalimu akatikisa kichwa taratibu, kama alivyofanya kwa mwanafunzi aliyerudi mapema kutoka jikoni, akaenda zake.

*

Sheria ya nchi ile ilitaka ukimya wowote usikilizwe mara mbili, ili pasiwe na malalamiko. Siku ya ishirini Naibu Waziri alirudi kupokea funguo. Ziliwekwa juu ya mto mwekundu, funguo nne za makufuli na moja ya kabati la chaki. Watu waliketi vilevile. Kwenye mlango wa jikoni mama mkubwa alisimama vilevile, lakini safari hii alikuwa akitazama sufuria zake, zilizofungwa kamba tayari kuhamishwa.

Ili kuokoa muda, Bwana Kalokola alikuwa amekwisha kuijaza fomu mwenyewe, aina ya sita, akaiacha mezani. Stumai alipaswa kuisoma tu.

Hotuba ikaisha. Nafasi ya maswali ikapita kwa amani.

"Mfasiri, wanasemaje?"

Stumai akasimama. Akaishika fomu, akaigeuza nyuma. Watu wa msafara walitazamana, kwa kuwa hawakujua kwamba fomu ina nyuma. Akasoma kifungu kile chote kwa sauti iliyokatika mara tatu, kisha akasema kwamba ukimya wa watu hawa ni wa aina ya kumi na nne, na wa siku ile ya kwanza pia ulikuwa wa aina hiyo.

Naibu Waziri alimwinamia Bwana Kalokola akimuuliza ya kumi na nne ndiyo ipi. Bwana Kalokola alinong'ona kwamba ipo, ila si ya matumizi. Naibu Waziri akanyooka, akatabasamu kama baba, akawaeleza wananchi kwamba binti yetu amezidiwa na uchovu wa furaha, jambo linalojulikana na lenye namba yake, ya nane. Isitoshe, alisema, yeye anaiheshimu sana sheria. Lakini je, kuna mwananchi yeyote hapa aliyemsikia mwananchi mwingine akisema kitu?

Hakuna aliyesema kitu.

Hapo Stumai alifanya jambo lisilokuwamo katika mwongozo wa Idara. Alichomoa kipaza sauti kwenye nguzo yake akashuka nacho, waya ukiburuzika nyuma, akapita katikati ya watu kuelekea jikoni. Waya ukafika mwisho hatua tano kabla ya mlango. Akasimama hapo hapo.

"Mama mkubwa," akasema. "Unasemaje?"

Mama mkubwa hakumtazama. Stumai akanyamaza, akaanza kuhesabu. Kwenye kumi na nane Bwana Kalokola alimwita kwa jina lake kamili. Kwenye thelathini kipaza sauti kilipiga mluzi. Kwenye arobaini na moja mama mkubwa alipangusa mikono kwenye kanga.

"Tunamshukuru Mungu," akasema.

Watu wa msafara wakashusha pumzi. Naibu Waziri alikuwa amekwisha kuinua viganja vyake apige makofi, na Lukelo ameshika kifaa chake. Stumai aliona machozi yanamtoka, akayaacha. Jibu hilo alilijua. Lilikuwa la kuwapa wageni, na leo yeye ndiye aliyepewa.

Hakurudi nalo.

"Mama mkubwa," akasema tena, "unasemaje?"

Akaanza moja. Hakumtazama mtu, hakutazama saa. Huko mbele midomo ya Mwalimu Mbwilo ilikuwa ikichezacheza bila sauti, na baada yake ya wasichana wa ushonaji, na ya wafugaji wa kuku, na ya watu wazima waliowahi kusoma hapo, walioketi sasa na wajukuu mapajani. Bwana Kalokola alikuwa akisema kitu. Lukelo alikivua kifaa chake kifuani, akakiweka chini ya kiti. Ishirini zikapita. Arobaini zikapita. Hamsini na tisa. Sitini. Stumai aliendelea kusimama, na midomo ile ikaendelea pamoja naye.

Mama mkubwa akaweka upawa chini.

"Sitaki," akasema. "Na siku ile sikutaka. Na wewe, Stumai, ulijua."

"Nilijua," akasema Stumai, na kipaza sauti kilikuwa bado mdomoni mwake. "Nilijua, mama mkubwa. Niliogopa."